Mstari na Majirani Zake

Inas alibonyeza kitufe, na dirisha jeusi la amri kwenye skrini halikusema kitu. Ndiyo tabia yake dirisha lile: likitii hunyamaza, na hufungua mdomo pale tu linapokuwa na malalamiko. Akanywa funda la chai iliyokwisha kupoa, akaandika amri ya kuhesabu mafaili yaliyobaki, akatoa hesabu hiyo kwenye ile ya asubuhi. Mafaili elfu moja mia tatu na arobaini yalikuwa yameondoka.

"Takataka imekwisha," alisema.

Shenouda, aliyekaa meza ya pili akipanga picha za duka la viatu, hakugeuka. "Hongera. Ukimaliza hapo, njoo ufagie na kwangu."

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la halua na dengu za sukari, mjini Tanta, Misri, na kazi mojawapo waliyoifanya bila malipo ni kutunza tovuti ya tanzia za mji na vijiji vyake. Mtu akifa, jamaa huweka tangazo humo, na walio mbali, Kuwait au Milano, huandika rambirambi zao chini yake. Shida ni kwamba maroboti nayo huja kuandika: dawa za kupunguza unene, kamari, mikopo ya dakika tano. Kwa hiyo kila baada ya wiki kadhaa lazima mtu apite na ufagio. Miaka yote mtu huyo alikuwa Ustadhi Wagdi. Naye Ustadhi Wagdi alikuwa amekufa siku thelathini na tisa zilizopita.

Ufagio wake aliuacha. Ulikuwa ndani ya faili moja la maandishi aliloliita Mfukoni: mistari mia mbili na zaidi ya amri na vipande vya msimbo, ya kupunguza picha, ya kuhamisha tovuti, ya kutafuta kiungo kilichokatika, kila mstari na kazi yake, tayari kuchukuliwa na kubandikwa. Inas hakusoma chuo chochote cha kompyuta. Alijifunza kwa faili lile, mstari baada ya mstari, kama mtu anayejifunza mapishi kwa kusimama jikoni kwa mamake.

Sasa alifungua tangazo la Ustadhi Wagdi mwenyewe, maana kesho baada ya alasiri ilikuwa arobaini yake. Mjane wake, Hajja Nagat, aliomba rambirambi zote zichapwe na kutiwa jalada, ili zisomwe mbele ya watu pindi msomaji wa Kurani atakapomaliza. Inas alikuwa ameziacha hadi dakika za mwisho kwa makusudi, ili asikose hata moja itakayochelewa. Akateremsha ukurasa. Ukaisha upesi mno. Akaupandisha, akauteremsha tena, huku akihesabu kwa kidole.

"Shenouda."

"Naam, mhandisi."

"Jana zilikuwa sitini na tatu. Niliandika hapa." Akaonyesha karatasi aliyoibandika pembeni mwa skrini. "Leo ni ishirini na mbili."

Shenouda alisukuma kiti chake chenye magurudumu hadi mezani kwake. "Ukurasa umekwama. Ufungue upya."

"Nimeufungua mara tatu."

"Ya nne ina baraka."

Akaufungua mara ya nne. Ishirini na mbili. Akaanza kusoma majina taratibu, kwa sauti: Nermin, binti wa jirani; Karim, aliyefundishwa na Ustadhi kutengeneza tovuti ya klabu ya mpira; vijana wawili wa Mahalla. Alipofika mwisho akarudi juu, akayapitia tena.

"Vijana wote wamo," alisema. "Wazee wote hawamo."

"Kifo kimegeuza zamu," alisema Shenouda, kisha akauona uso wake, akaacha mzaha. "Ulitumia mstari gani?"

"Wa kumi na tano."

Mstari wa kumi na tano hutazama juu ya kila faili, yaani kila rambirambi, mahali ilipo tarehe. Ustadhi Wagdi aliitengeneza fomu ile hivi kwamba kisanduku cha tarehe hakijijazi chenyewe. Anayeomboleza hukijaza kwa mkono wake. Maroboti hukiacha kitupu. Basi mstari ulisema: penye tarakimu pabaki, pasipo na tarakimu pafutwe. Inas alikuwa ameuelewa vizuri kabla ya kuuendesha. Aliusoma mara mbili.

Akajaribu kuikumbuka rambirambi moja ya wazee, ya mzee aitwaye Zaghlul, na ikamjia machoni ilivyokuwa imekaa, tarehe yake juu. Hapo akaona. Wazee wa Misri huandika tarakimu zile zinazohesabu aya misahafuni. Vijana huandika hizi za kwenye simu. Mji mzima husoma zote mbili bila kujua kwamba unasoma namna mbili. Muuza nyanya huandika bei kwa hizi, na duka la dawa jirani yake kwa zile. Lakini mashine huona tu ilichoambiwa kukiona, na mstari wa kumi na tano uliambiwa habari za tarakimu za simu peke yake. Wazee waliandika tarehe zao kikamilifu. Mashine ikaona kisanduku kitupu.

"Haiwezekani Ustadhi asilijue hili," alisema.

Akalifungua faili la Mfukoni lote, jambo ambalo hakulifanya asubuhi. Asubuhi alitumia amri ya kutafuta, grep, akaipa neno "takataka", nayo ikamletea mstari mmoja wenye neno hilo, peke yake, kama mtoto aliyeitwa kutoka darasani. Sasa aliuona ulipokaa. Juu yake kulikuwa na mstari wa kumi na nne, ambao kazi yake ni kupita kwenye mafaili yote na kugeuza tarakimu za misahafu kuwa za simu. Na chini ya yote miwili palikuwa na alama ya reli, ambayo Ustadhi aliitanguliza kila alipotaka kusema na binadamu badala ya mashine:

# Wa 14 na wa 15 ni mume na mke. Usimtoe mmoja nyumbani bila mwenzake.

Na chini kidogo:

# Ukitafuta mstari humu, ulete pamoja na majirani zake. Andika -C 3, utaletewa mitatu ya juu na mitatu ya chini. Mimi niliwakosa majirani mara moja, inatosha.

Shenouda alisoma juu ya bega lake. "Rudisha nakala ya jana," alisema.

"Hakuna ya jana."

"Juzi?"

"Shenouda, nakala alizichukua yeye, kwa kompyuta yake ya nyumbani, kila magharibi. Imezimwa tangu alipokufa. Yote yaliyoandikwa baada ya kifo chake hayana nakala."

"Na rambirambi zake..."

"Zote ziliandikwa baada ya kifo chake. Zingeandikwa lini?"

Chini dukani mtu alikuwa akimwaga dengu kwenye karai, na mlio wake ulipanda hadi juu. Inas aliweka mikono mapajani. Aliogopa kugusa kibodi. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, akachukua kalamu na kuandika karatasini kila njia ambayo rambirambi hupita tangu mtu anapobonyeza "tuma". Fomu. Folda. Ukurasa. Alipofika hapo kalamu ikasimama, maana kulikuwa na njia ya nne: kila rambirambi ikiingia, seva hutuma barua pepe ya taarifa kwa msimamizi. Na msimamizi, hakuna aliyekumbuka kumbadilisha.

"Zilitumwa kwake," alisema. "Zote. Amekuwa akipokea rambirambi zake mwenyewe."

Shenouda alifanya ishara ya msalaba. "Na neno la siri la barua pepe?"

"Hakumpa mtu. Ila kwenye ile kompyuta ya nyumbani sanduku lake la barua lilikuwa wazi daima, haliulizi neno la siri."

"Basi mpigie Hajja. Mwambie tunataka kuikagua, tuone kama kuna picha za kutia kwenye kitabu. Atakupa. Kesho mambo yamerudi, naye hajui kama kulikuwa na jambo."

Inas alilifikiria. Halikuwa wazo baya. Shenouda alilisema kwa huruma, na huenda lingemwepusha mwanamke mfiwa na siku moja ya machungu. Lakini kama barua hazimo? Kesho angesimama mbele ya wazee wale na kitabu chembamba, akiwa ameshadanganya. Akaichukua simu.

"Hajja, salaam alaykum. Ni Inas. Hajja, nimefuta rambirambi za Ustadhi. Si zote. Za wazee. Kwa kosa langu."

Upande wa pili palikuwa na sauti za wanawake, na sufuria. Kisha mlango ukafungwa na sauti zikapungua.

"Umezifuta vipi?"

Akaeleza. Hakusema kwamba mstari ulikuwa wa Ustadhi. Alisema tu kwamba alichukua nusu ya kazi akadhani ni nzima. Akaeleza habari za kompyuta ya nyumbani.

"Naja," alisema Hajja, na simu ikakatika.

Alifika kabla ya adhuhuri, amepanda ngazi na kushika ukuta, kompyuta iko ndani ya mfuko wa plastiki wa duka la vitambaa. Alikuwa mwanamke mfupi, aliyevaa mavazi meusi tangu kichwani, na mikononi alikuwa na harufu ya vitunguu. Shenouda alimpa kiti chake.

"Umri uliobaki uwe wako, Hajja," alisema, akimpa pole kwa desturi ya mji.

"Na wako, mwanangu. Kaa, usinisimamie kama askari." Akamgeukia Inas. "Haya, nionyeshe ulichofanya."

Inas hakutegemea hilo. Akamwonyesha mstari wa kumi na tano, kisha wa kumi na nne, kisha maneno ya chini. Hajja alisogeza miwani, akasoma polepole. Alipofika kwenye *mara moja, inatosha*, alicheka, cheko fupi lililomtoka bila ruhusa.

"Hakuwasimulia?"

"Nini, Hajja?"

"Alivyomuua Metwalli mara mbili."

Wakatazamana.

"Wakati ule anapanga herufi za madini ya risasi pale kwenye kiwanda cha uchapaji, kabla ya mashine zenu hizi. Tanzia zilikuwa kila siku. Basi walikuwa na fremu ya msiba, imefungwa tayari: bismillahi juu, aya yake, 'kwa huzuni familia ya fulani inatangaza', yote imepangwa. Unabadilisha majina tu. Kila siku fremu ile ile. Sasa siku moja kafa mtu, Abdelmaqsud, bwana Wagdi kabadilisha jina la juu, jina la katikati kaliacha. Karatasi mia mbili zikabandikwa kwenye kuta: familia ya Abdelmaqsud inatangaza kifo cha Haji Metwalli. Na Metwalli tumemzika wiki iliyopita!"

"Yesu wangu," alisema Shenouda.

"Mjane wa Metwalli alikuja kiwandani na kandambili mkononi. Anasema, 'Nyinyi mnamchimbua mume wangu?' Na hawa wa Abdelmaqsud wanakaa kwenye hema la msiba, hakuna anayekuja, watu wanajua aliyekufa ni Metwalli na wameshampa pole." Alifuta macho kwa ncha ya mtandio, haikujulikana yalikuwa machozi gani. "Alizunguka mji mzima akizibandua kwa kucha zake. Siku mbili hakula. Tulikuwa tuna miezi mitatu ya ndoa, nikadhani mume wangu ni mgonjwa. Tangu hapo hafungi fremu mpaka asome mstari wa juu na wa chini. Hata barua ya umeme aliisoma hivyo. Hata orodha yangu ya sokoni!"

Inas alitaka kusema samahani, lakini kosa lilikuwa limekwisha kukiriwa kwenye simu, na kulirudia kungekuwa kumtaka Hajja amfariji.

"Fungua hicho chombo," alisema Hajja. "Usiulize neno la siri, halina. Alikuwa akisema, mwizi akiichukua atapata nini, misiba ya watu?"

Waliitia umeme, ikachukua muda kuamka. Shenouda aliiunganisha na mtandao wa ofisi. Sanduku la barua likafunguka lenyewe, na barua zikaanza kuingia, kumi, mia, mia tano, mpaka namba ikatulia kwenye elfu moja na mia nane, zote hazijasomwa. Zilizohusu tangazo lake peke yake zilikuwa mia nne na kumi. Nyingine zilikuwa za wafu wengine wa siku hizo thelathini na tisa, wenye wazee wao nao. Inas aliandika hilo karatasini, chini, *hawa pia, wiki hii*.

Alipofungua barua ya kwanza kama ilivyohifadhiwa, hapakuwa na maneno. Barua za Kiarabu husafiri zimefungwa. Ukizitazama kwa ndani ni msururu wa herufi za Kilatini usio na kichwa wala miguu.

"Zimeharibika?" aliuliza Hajja.

"Hapana. Zimevaa nguo za safari."

Akarudi kwenye Mfukoni. Akaandika grep, kisha neno "barua", na safari hii akaongeza -C 3. Ikaja mistari saba, wa themanini na nane katikati, na chini yake: *# Hufungua barua iliyofungwa. Jaribu moja kwanza. Jaribu kwenye nakala, usiguse ya asili.* Akatengeneza nakala ya sanduku zima. Akauchukua mstari wa themanini na nane, akauendesha kwa barua moja.

Dirisha jeusi likatoa maneno.

"Soma," alisema Hajja.

Inas akasoma. "'Wagdi ndugu yangu. Miaka kumi na tisa nimepanga herufi kulia kwako, na hatukugombana ila kwa ajili ya dirisha, wewe ukilitaka wazi na mimi vumbi likinikera. Leo nimelifungua. Zaghlul.'"

Hajja aliitazama skrini kwa muda, ingawa maneno yalikuwa yamekwisha.

"Dirisha," alisema. "Hata nyumbani. Hata Januari."

Shenouda alitoka kwenda kununua mkate na ful, yale maharage ya kuponda, akakawia zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Aliporudi alikuta Inas akifungua barua moja moja.

"Mbona huzipitishi zote kwa mpigo? Wa kumi na nne, halafu wa kumi na tano. Sasa unao wote wawili."

"Leo siamini kanuni yoyote. Nataka nizione kwa macho."

"Mia nne na kumi?"

"Mia nne na kumi."

"Mimi nitasaidia," alisema Hajja. "Najua nani ni mtu."

Ndivyo walivyofanya kazi mchana ule. Inas alifungua, Hajja akaamua, Shenouda akarudisha mahali pake. Maroboti yalikuwa mengi, maana yalipenda ukurasa uliotembelewa sana.

"'Makala nzuri. Nimejifunza mengi,'" alisoma Inas.

"Amejifunza nini huyu, kwenye kifo cha mume wangu? Tupa."

"'Punguza kilo kumi kwa wiki mbili.'"

"Hebu ngoja... Tupa, tupa. Nilikuwa natania."

"'Haji Sabri wa Kafr el-Zayyat. Ulinichapia kadi ya harusi ukakataa malipo.'"

"Huyu mtu. Alituletea bata."

Barua ziliingia bila mpangilio wa siku, na saa kumi ikaja moja isiyo na jina wala tarehe. Ilikuwa na maneno mawili tu: Mungu amrehemu.

Inas alisita. "Kwa kanuni ya Ustadhi, hii ni takataka. Haina tarehe. Haikuwa kwenye zile sitini na tatu zangu, maana sikuhesabu zisizo na jina."

"Roboti husema Mungu amrehemu?" aliuliza Shenouda.

"Yapo yanayosema. Hufuatisha yaliyoandikwa juu."

Hajja aliisogelea skrini. "Imekuja lini?"

"Siku ya kwanza. Dakika ishirini baada ya tangazo. Hapakuwa na mwingine juu yake wa kumfuatisha."

"Basi ni mtu ambaye hakuweza kuandika zaidi." Akakaa sawa. "Mweke."

Akawekwa. Inas alimwandika karatasini peke yake, pembeni ya hesabu.

Magharibi ilipokaribia, zilikuwa zimerudi ishirini na sita kati ya arobaini na moja, na yule mmoja asiye na jina. Zilibaki kumi na tano mahali fulani katika barua mia na hamsini ambazo hazijafunguliwa. Hajja ilimbidi aondoke. Dada zake walikuwa wakikanda mikate ya kugawa sadaka makaburini, na ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye.

"Nitarudi baada ya alfajiri," alisema, akijifunga mtandio. "Msifungue bila mimi, mtamtupa mtu."

"Hatufungui, Hajja. Tukianza alfajiri, adhuhuri tunachapa. Kitabu kitakuwahi." Inas alisimama. "Na kompyuta, utaichukua?"

"Iache. Nyumbani inafanya nini?"

Alipofika mlangoni aligeuka. "Kile kiwanda, baada ya habari ya Metwalli, bosi alitaka kumfukuza. Zaghlul ndiye aliyekataa. Alisema, aliyekosea jana ndiye atakayesoma vizuri kesho, mtampata wapi mwingine?" Akashuka ngazi kwa mkono ukutani, na Shenouda akamfuata nyuma akimbebea mfuko mtupu.

Inas alibaki peke yake. Akalifungua faili la Mfukoni, mstari wa kumi na tano. Hakugusa neno la Ustadhi hata moja. Chini ya maneno yake akaongeza alama ya reli, akaandika: *Tarehe hutuambia roboti hakuandika; kukosekana kwake hakutuambii kwamba mtu hakuandika. Kabla ya kufuta, hamishia kando, usome. Inas.* Akalisoma tena, mstari wa juu na wa chini, akahifadhi.

Adhana ilianza msikiti wa jirani, ikapokewa na wa mbali. Alikuwa akikusanya glasi za chai aliposikia feni ya kompyuta ya Ustadhi ikianza kuvuma. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Dirisha jeusi lilikuwa limejifungua lenyewe katikati ya skrini, na majina ya mafaili yalikuwa yakipita humo upesi, moja chini ya jingine: ilikuwa ikichukua nakala, kama ilivyoamriwa na mwenyewe kila magharibi, na kwa siku thelathini na tisa haikupata nafasi. Inas alisimama na glasi mkononi. Alimwona Zaghlul akipita. Alimwona Haji Sabri. Mwisho ukatoka mstari mmoja ambao Ustadhi aliuweka ili ajue kazi imefika: *Imehifadhiwa, alhamdulillahi.*

Alichukua karatasi nyingine ndogo, akaandika *kumi na tano, anzia barua ya 261*, akaibandika juu ya kibodi. Kifuniko cha kompyuta aliacha wazi. Kisha akaenda kuosha glasi, maana kesho wangekuwa watatu tangu alfajiri.